Kungoja Nywele Ziote

Tarehe kumi na nane ya mwezi wa kumi na moja nilimpoteza mwanangu wa kiume. Alikuwa na miaka mitano. Alikufa Kasongo, kwa mama yake, kwa malaria iliyommaliza damu. Mimi nilikuwa Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu, mwendo wa siku nzima kwa pikipiki njia ikiwa nzuri.

Habari kwamba anaumwa ilinifikia Jumanne, siku mbili kabla hajafa. Mwendesha pikipiki mmoja alinikuta nakunywa chai, akasema, "Mama ya watoto anasema kuya Kasongo. Mutoto iko mubaya." Nilimjibu kwamba nitakwenda. Lakini shimo letu tulikuwa tumelitoa maji kwa wiki mbili, na wenzangu walisema Alhamisi tutaligusa jiwe lenye dhahabu. Nikajiambia kwamba watoto huumwa wakapona. Dada yake aliumwa mara ngapi na bado yuko. Nikangoja Alhamisi. Jiwe halikuwa na kitu. Ijumaa mchana nikapanda pikipiki, nikalala Wamaza, na Jumamosi asubuhi nikaingia Kasongo. Walikuwa wamemzika jana yake.

Watu waliniuliza nilizuiwa na nini. Nikasema daraja la mbao lilivunjika njiani, tukangoja walitengeneze. Hakuna aliyebisha. Madaraja yetu huvunjika mara kwa mara, na mtu aliyefiwa hahojiwi. Nilikaa kwenye benchi la wanaume siku mbili, nikipokea mikono ya watu waliokuwa wanakuja kunipa pole, na kila mkono niliupokea pamoja na lile daraja.

Mimi na mama wa watoto tulikuwa tumeachana miaka mitatu kabla ya hapo. Hatukupigana. Nilikwenda Salamabila kutafuta, nikakaa, nikaacha kurudi, na siku moja akanitumia ujumbe kwamba nisijisumbue tena. Alirudi kwa mama yake na watoto wetu wawili, akawa anauza mchele sokoni. Mimi nilikuwa natuma nguo kwa waendesha pikipiki, mara moja moja, nikajiona baba.

Kwa familia yao kuna desturi moja. Waliofiwa na mtu wa karibu huacha nywele bila kuzikata mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo mwanamke mkubwa wa nyumba huwanyoa yeye mwenyewe, mmoja mmoja, uani, kwa wembe, na nywele zote hukusanywa katika kitambaa kimoja na kufukiwa pembeni mwa uwanja. Baada ya hapo mtu anaweza kucheka bila kujificha. Mimi niliondoka kabla ya siku hiyo. Nilisema kazi inaniita. Ukweli ni kwamba nilikimbia macho ya binti yangu. Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa anakaa nyuma ya jiko, halii, ananitazama, na nilipomwita aliingia ndani ya nyumba.

Miezi iliyofuata nilipiga simu. Mama yake alikuwa anamwekea simu sikioni. Nilisikia anavyopumua. Nilisema, "Mama, ni mimi, papa," maana kwetu binti tunamwita mama, kwa heshima ya waliotuzaa. Hakujibu hata mara moja. Kisha nikasikia sauti ya mama yake: "Hataki kusema." Ilikuwa hivyo karibu nusu mwaka. Nilikuwa nimebaki na mtoto mmoja duniani, na huyo mmoja alikuwa amenifungia mdomo. Sikutaka kitu kingine ila aufungue.

Kwenye kikundi cha wababa nilipelekwa na mwenzangu wa shimo, mtu mkubwa kwangu kwa umri, mcheshi, mwenye watoto sehemu tatu tofauti. Aliniambia, "Iko mama mmoja anafundisha wababa wenye watoto yao iko mbali. Wanasema watagawa sabuni." Sabuni hatukuiona. Tulipewa chai na mikate ya mafuta katika darasa la shule ya kanisa, kila Jumapili alasiri, Wakristo na Waislamu pamoja, wanaume kumi na wanne tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakitugonga kidevuni. Mama mwalimu alitoka Kindu. Alikuwa na sauti ndogo, na hakupandisha sauti hata mara moja.

Nilidhani atatugombeza. Siku ya pili alisema hivi:

"Onyesheni kwa mikono, mguu ya mutoto yako iko na urefu gani. Haiko ile siku ulimuacha. Leo."

Tukatazamana. Mwenzangu akatanua mikono kama mtu anayeonyesha samaki aliyemponyoka.

"Ile iko mguu ao iko mutumbwi?" mmoja akamuuliza.

"Mutoto yangu anakulaka muzuri! Haiko kama ya kwako ile ya miguu ya kuku."

Tulicheka. Mimi pia nilikuwa nimeinua mikono. Nilikuwa naonyesha mguu wa mtoto wa miaka sita, na nilijua ni uongo mikono ikiwa bado juu, kwa sababu miaka sita ndiyo aliyokuwa nayo nilipoondoka Kasongo. Nguo zote nilizotuma tangu hapo zilikuwa za mtoto yule wa miaka sita. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hazimtoshi.

Kwetu, ukitaka kumnunulia viatu mtoto ambaye hayuko nawe sokoni, unakwenda na kamba iliyokatwa kwa urefu wa mguu wake. Mama mwalimu alitutuma tutafute hiyo kamba. "Hakuna kununua kitu," alisema. "Kamba tu. Omba mama yake kwa heshima."

Nilimpigia mama wa watoto.

"Kamba ya nini?"

"Ya mguu ya mutoto."

"Umeanza kushona viatu?"

"Hapana. Wametutuma. Tuko tunasoma."

"Wewe? Unasoma nini?"

"Kuwa papa."

Alicheka mpaka akakohoa. Sikuudhika. Ilikuwa miaka sijamsikia akicheka. Baada ya wiki moja mwendesha pikipiki akaniletea uzi wa raffia uliofungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Niliuweka juu ya mkono wangu, kuanzia kifundo, ukapita ncha ya kidole cha kati. Niliupima tena, nikidhani nimekosea. Usiku ule nilimuuliza mama yake kwa simu kama ni kweli.

"Alipima mwenyewe," alisema. "Akakata mwenyewe na wembe. Lakini hakusema kitu."

Jumapili iliyofuata tuliweka kamba zetu juu ya dawati. Zilikuwa tisa. Wanaume watano hawakupata. Mmoja wao alitoka nje, akasimama nyuma ya darasa, na mwenzangu, yule wa mutumbwi, ndiye aliyemfuata. Hakumchekesha. Walirudi pamoja chai ilipokuwa imepoa.

Sitaki kusema kwamba kikundi kile kilitubadilisha sisi sote. Wawili waliacha kuja waliposikia hakuna sabuni. Mimi mwenyewe nilikuwa nasinzia baadhi ya siku. Lakini kuna maneno yaliyonishika. Mama mwalimu alisema usimseme vibaya mama wa mtoto mbele ya mtoto, kwa kuwa mtoto ataona nusu yake inatukanwa. Alisema ukitaja saa ya kupiga simu, piga saa hiyo, hata kama huna la kusema. Na siku moja, wengine walipokwisha kuondoka, nilimwambia habari ya daraja. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kuisikia.

Hakunihukumu. Alikusanya vikombe kwanza, kisha akasema, "Mutoto anajua zaidi ya ile unazania, papa. Na ile hajui, anaijaza yeye mwenyewe. Anaijaza na kitu mubaya kupita ile unamuficha."

"Nimuambie kwa simu?"

"Kama unaweza kufika, fika. Mutu haombi samahani kwa rezo," yaani kwa mtandao wa simu.

Nikaamua kwenda siku mbili. Sokoni, kwa ule uzi, nilinunua viatu vya shule. Tangu kufiwa sikuwa nimekata nywele. Nusu ilikuwa uvivu, na nusu ni kitu ambacho sikukipa jina. Zilikuwa zimeshikana kwa vumbi la shimo. Mwenzangu aliniangalia akatikisa kichwa.

"Utaenda na hii musitu? Mutoto atakimbilia kwa jirani. Enda kwa kinyozi, ufike kama mutu."

Nikaenda. Kinyozi alinimaliza nywele zote, kichwa kikang'aa. Zilianguka chini, zikafagiliwa pamoja na za wateja wengine na kutupwa jalalani. "Sasa uko kama mutu anaenda kuposa," mwenzangu akasema, na mimi nikaridhika.

Nilifika Kasongo alasiri. Mama mkwe, yaani mama wa mama wa watoto, bado namwita hivyo ingawa hatuna ndoa tena, alikuwa anapepeta mchele uani. Nilivua kofia kumsalimu. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Nywele iko wapi?"

"Nilinyoa, mama."

"Ulinyolea wapi?"

"Salamabila. Kwa kinyozi."

Aliweka ungo chini. Aliita ndani, "Kuyeni muone! Kilio ya mutoto yetu ameiacha kwa kinyozi!" Mama wa watoto akatoka, akaniona, akashika mdomo. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Mama," nilisema, "nilitaka kufika safi."

"Safi! Watu wote hapa tulinyolewa, hata kale katoto," akanyoosha kidole kwa binti yangu aliyekuwa amesimama mlangoni. "Wewe ulikimbia. Nikasema sawa, siku ataleta kichwa yake, nitamalizia. Nilikungojea na wembe yangu miezi saba. Leo unaniletea papai!"

Kwetu sisi watu wa upande wa Wamaza, mwanamume aliyefiwa hunyoa popote. Nilikuwa nimeiona desturi yao bila kuifikiria. Nilidhani ni jambo la watu wanaolala katika nyumba ile. Nilipomweleza hivyo alizidi kukasirika.

"Baba ya mutoto haiko mutu wa nyumba? Sikia. Mimi siwezi kukupa huyu mutoto aongozane na wewe, ata kwenda kwa kaburi, ukiwa unatembea na kilio wazi, matanga haijaondolewa. Ungoje nywele iote."

"Siku ngapi, mama?"

"Mimi ndiyo Mungu wa nywele? Kiasi wembe inaweza kushika. Utalala kwa ndugu yako. Kila asubuhi utakuya nione kichwa."

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku mbili kwa wenzangu wa shimo. Binti yangu alikuwa amesimama palepale mlangoni, mrefu, shingo ya mama yake, na mimi nilikuwa nimeshika viatu kama mchuuzi. Nikampa. Alivivaa akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Akabonyeza kwa kidole mbele, akabonyeza nyuma.

"Zinaenea," alisema. Alimwambia mama yake, si mimi. Ila nilikuwa hapo.

Nililala kwa binamu yangu karibu na soko. Asubuhi nikaenda, nikakaa kwenye kigoda, nikainamisha kichwa. Mama mkwe alisogea, akakunja macho.

"Macho yangu haioni tena ya karibu," alisema. "Wewe mutoto, pima."

Binti yangu alikuwa amekwisha kuvaa sare ya shule. Alinigusa utosini kwa ncha ya kidole kimoja, kama mtu anayejaribu sufuria kama ina moto.

"Bado," akasema, akaenda zake.

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi kabla ya shule alipima. Siku tatu za kwanza kidole kimoja, na neno lile lile. Siku ya nne aliweka kiganja. Siku ya sita koko yake, yaani huyo mama mkwe wangu, alimuuliza, "Iko namna gani?" akajibu, "Inakwaruza kama ulimi ya paka." Nilicheka kabla sijajizuia. Aliondoa mkono haraka. Siku iliyofuata alirudisha.

Nilikuwa sina kazi, nikaitafuta palepale. Nilibeba magunia ya mpunga kupeleka mashineni. Nilifunga upya ukuta wa jiko uliokuwa unaegemea. Mama wa watoto alinizoea kama watu wanavyozoea mgeni anayekaa sana. Alianza kuniagiza bila kusema tafadhali, na hiyo ilinifurahisha. Nilimpigia simu mama mwalimu kumweleza nilivyonaswa, na yeye, aliyezoea kupima maneno, alicheka kwa muda mrefu. "Kaa hapo, papa," alisema. "Hiyo hatukuiandika kwa daftari ya masomo, lakini iko somo."

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, binti yangu akiwa na mkono kichwani kwangu, simu ililia. Alikuwa mwenzangu wa shimo, na sauti yake ilisikika uani kote.

"Ndugu, tumefika kwa jiwe! Iko inaonekana! Kesho kutwa tunaivunja. Panda moto leo!" Moto, yaani pikipiki.

Mwili wangu uliinuka kidogo kutoka kwenye kigoda. Naandika hivi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Sikukaa imara kama mtu mwema. Nilikumbuka jinsi Alhamisi ile ilivyokuwa na sauti hii hii. Mkono ulikuwa bado kichwani kwangu, umesimama.

"Siwezi," nilisema.

"Juu ya nini? Nani mugonjwa?"

"Hakuna. Nywele haijaota."

"Nywele gani? Uko mulevi?"

"Vunjeni. Mimi niko hapa."

Alinitukana vizuri, kwa upendo, akakata. Walilivunja jiwe bila mimi, na safari hii lilikuwa na kitu, walinieleza baadaye. Binti yangu hakuondoa mkono. Alipima, akasema, "Bado kidogo." Hilo la pili lilikuwa neno jipya.

Siku ya kumi na tisa alimwita koko yake. "Inashika," alisema.

Mama mkwe alinyoa Jumamosi, watu wote wakiwa nyumbani. Alitandika mkeka, akanikalisha chini, akamwaga maji ya sabuni kichwani. Mama wa watoto alishika kitambaa cha kupokelea. Binti yangu alishika bakuli la maji, amepiga magoti mbele yangu, na kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimeinamishwa, nilikuwa naona magoti yake tu. Wembe ulianza nyuma ya sikio. Nilijua kwamba kama sitasema hapo, nitaondoka tena na daraja lile.

"Daraja haikuvunjika," nilisema.

Wembe ukasimama.

"Ile siku mulinituma mutu, nilipata habari Jumanne. Njia ilikuwa muzuri. Nilingoja shimo. Nilizani mutoto atapona. Niliongopa hapa, kwa kilio, mbele ya watu."

Kuku walikuwa wanakwaruza nyuma ya jiko. Kisha wembe ukaendelea, polepole kama kwanza, na mama mkwe akasema juu ya kichwa changu:

"Nilijua. Mutu wa daraja kuvunjika angefika na matope mpaka kiuno. Wewe ulifika na viatu safi."

"Juu ya nini hukusema, mama?"

"Ilikuwa yako ya kusema. Inamisha kichwa, nisikukate."

Mama wa watoto alikuwa analia bila sauti. Nywele zilitetemeka ndani ya kitambaa. Alisema, "Angekufa ata ungekuwa hapa. Munganga alisema damu ilikwisha. Lakini angekuona." Nikasema ndiyo. Angeniona. Hilo ndilo nililomnyima, na halirudishwi.

Kisha bakuli likasogea chini, likawekwa kwenye mkeka. Binti yangu alisema, akiangalia maji:

"Mimi nilizani ni juu ya mupira."

"Mupira gani, mama?"

"Mudogo yangu alikuomba mupira kwa simu. Ukamuambia anaomba sana. Halafu akaumwa, hukukuya."

Nilikumbuka. Ilikuwa wiki chache kabla ya ugonjwa. Nilikuwa nimechoka, rezo ilikuwa inakatika, na nilisema hivyo, "Wewe unaomba sana," nikakata. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Ndiyo maana hukutaka kusema na mimi?"

Alitikisa kichwa. "Nilikuwa naogopa nitaomba kitu. Nikasema nisiombe, ili siku mimi nikiumwa, ukuye."

Mama mkwe aliondoa wembe kichwani kwangu kabisa, akauweka pembeni. Nadhani aliona nitajikata. Nililia pale kwenye mkeka, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina povu, kilio ambacho nilipaswa kukilia mwezi wa kumi na moja. Hakuna aliyeninyamazisha. Nilipoweza kusema, nilimwambia binti yangu kwamba mupira haukuwa na kosa, wala mudogo yake, wala yeye. Kosa lilikuwa la kwangu peke yangu. Nilimwambia aombe. Kitu nikikosa nitasema nimekosa, lakini aombe. Sikumwahidi kwamba nitakuja kila mara. Nilimwambia kwamba akiumwa nitaondoka siku ile ile, kwa pikipiki au kwa mguu.

Alifikiri. "Sawa," akasema. Halafu, "Koko, malizia. Anafanana na mbuzi."

Mama yake alicheka huku machozi yakimtoka, na mama mkwe akachukua tena wembe akisema, "Mbuzi inatulia kupita huyu." Nami nilikuwa nimeinama, mwepesi, kama mtu aliyetua gunia na mgongo bado haujaamini.

Walifukia nywele pembeni mwa uwanja, karibu na pale zilipokuwa za wengine. Jua lilipopungua mama mkwe akamwambia binti yangu anipeleke kaburini. Nilikuwa nimefika huko mara moja tu, Jumamosi ile ya kwanza, nikiwa nimeshikwa mikono na wanaume wawili, na sikukumbuka njia. Yeye alitembea mbele.

"Usipitie hapo, papa. Uko unakanyaga ya wengine. Pitia huku."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu nimpoteze mwanangu. Alilisema kwa haraka, kwa kuudhika kidogo, kama mtu anayemwongoza mtu asiyeona vizuri. Tuling'oa majani. Alinieleza nani amelala kulia na nani kushoto, na kwamba siku za likizo huja kumwambia mdogo wake habari za shule, ila za hesabu hamwambii kwa kuwa hazimfurahishi hata yeye mwenyewe. Nikamuuliza kama ana la kuomba. Alisema bado anafikiri.

Tulirudi kwa njia ya pompe, pampu ya maji ya mtaa. Kulikuwa na foleni ndefu ya bidoni, yale madumu ya maji, lakini kwetu watu wanaotoka kaburini hunawa kwanza, na wanawake wakatupisha bila kuuliza. Mmoja tu, mwenye mtoto mgongoni, akanitazama kichwa.

"Na huyu papa mwenye kichwa ya mupya, iko nani?"

"Iko papa yangu," binti yangu akasema. "Tumetoka kwa mudogo yangu."

Yule mama akashika mpini wa pompe akatupigia maji. Tukanawa, binti yangu kwanza, halafu mimi, tukaenda nyumbani kula.